Siku Niliyoing'arisha Pisti

Mshumaa ukiyeyushwa ndani ya kopo, kisha ukatolewa motoni na kuchanganywa na mafuta ya taa kidogo, hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine chochote. Nyinyi wa rika langu mliosoma kwa masista mnaijua. Hiyo ndiyo siraji tuliyopaka sakafu ya darasa kila wiki, tumepiga magoti kwa mistari, kila mmoja na kitambaa chake, na sista akipita nyuma yetu kuona kama sura yake inaonekana kwenye saruji. Juzi jirani yangu aliishiwa na siraji ya dukani, nikamwonyesha namna ya kupika ile yetu. Harufu ilipopanda nikaanza kucheka peke yangu, hata akaniuliza kama yale mafuta yamenipanda kichwani. Nikamwambia hapana, namkumbuka marehemu mama yangu akirusha bule.

Bule ni ule mpira wa mti, mzito, unaojaza viganja viwili. Pale Kalemie, kati ya stesheni na ziwa, watu wa reli walikuwa na banda refu lenye pisti ndani yake: mbao za mulombwa zilizopangwa moja kando ya nyingine, hatua kama thelathini za mtoto, na mwisho wake zimesimama kili tisa, vigingi vya mti vyenye kiuno chembamba. Unarusha bule kutoka huku, inabingirika, inaangusha kili kule. Huku na huku kuna mfereji, na bule ikiangukia humo umetoka kapa. Wazungu waliojenga banda walikuwa wamekwenda zao zamani, wakatuachia kili, bule nne na pisti yenye magonjwa yake.

Magonjwa hayo niliyajua kwa majina kabla sijajua vizuri jedwali la kuzidisha. Katikati bati moja lilikuwa limeng'oka, mvua ilipiga palepale, na mbao mbili zikavimba zikafanya kimlima. Mbele yake palikuwa na bonde. Karibu na kili jua la alasiri liliingia ubavuni, mbao zikakauka na kuachana hata ukaweza kupitisha kidole. Masika pisti ilinyonya unyevu na bule ikaenda kwa uvivu. Kiangazi upepo wa ziwa ulileta mchanga laini, na bule ikalia chini kama mtu anayesaga meno.

Wachezaji walilalamika. Nasema walilalamika kwa sababu sina neno lingine, lakini ile ilikuwa kazi yenye taratibu zake. Kila mmoja, kabla ya kurusha, alisimama na bule mkononi akaitazama pisti na kusema ubaya wake wa siku hiyo, na wenzake walimngojea amalize. Ukisharusha, ruhusa imekwisha. Anayelalamika baada ya bule kuondoka mkononi alikwenda mwisho wa banda kusimamisha kili za wote mpaka mwingine akosee.

Bingwa wa malalamiko alikuwa Papa Ilunga, dereva wa treni na kapteni wa timu, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia watu ng'ambo.

"Muone hii," alikuwa akisema. "Juma iliyopita alikuwa anapeleka bule ku mukono ya kushoto. Leo anapeleka kuume. Hii pisti iko na kichwa nguvu sawa bibi yangu."

"Mbao haina kosa," alijibu kila mara Papa Seba, fundi seremala aliyetunza ufunguo wa banda. "Mukono njo iko na kosa," yaani mkono ndio wenye kosa.

Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na niliyaamini yote. Nilikaa kwenye benchi nikiwasikiliza kama mtu anavyosikiliza wagonjwa wakieleza wanapoumwa. Niliwaonea huruma. Nilifikiri watu hawa wazima wanakuja hapa kila Jumapili baada ya misa kwa kujilazimisha, kama mtu anavyokwenda kusalimia ndugu asiyempenda, na kwamba siku moja watachoka na hawatarudi tena. Kwamba walikuwa wanafurahi, hilo halikunipitia akilini hata kidogo.

Mama yangu aliingia mchezoni kwa mlango wa jikoni. Alikuwa karani kwenye dirisha la mizigo pale stesheni, na watu wote walimwita Mama Mapasa kwa ajili ya wadogo zangu mapacha, Kyungu na Kabange. Jumapili yeye na wanawake wengine walikaanga ndakala, dagaa wa ziwani, nyuma ya banda, wachezaji wapate kitu cha kutafuna. Siku moja mchezaji mmoja alikawia, Papa Seba akamwita Mama ajaze nafasi kwa mzaha. Mama akafuta mikono, akakaza kitenge, akarusha. Kili saba. Tangu siku hiyo kikaango kilimwona mara chache.

Siku zile hakuna mwanamke aliyevaa suruali, serikali haikutaka, kwa hiyo Mama alirusha ndani ya kitenge. Wanaume walikimbia hatua nne na kuiachilia bule kwa nguvu. Yeye alipiga hatua mbili fupi, akainama, na bule yake ikaondoka polepole upande wa kushoto, ikapanda kile kimlima, ikakata kona na kwenda kuigonga kili ya katikati. Mimi niliona bule iliyopotea njia na kuokolewa na bahati. Na Mama naye alilalamika kama wenzake, tena kwa utamu.

"Siku moja mutengeneze hii pisti ikuwe ya muzuri," alikuwa akisema, bule imeegemea nyonga, "njo mutajua miye ni nani."

Neno hilo nililiweka moyoni kama deni langu mwenyewe.

Basi ikaja habari kwamba watu wa reli wa Kabalo wanakuja kucheza na sisi. Kila timu ilitaka watu watano, na sisi mmoja wetu alikuwa amehamishiwa Lubumbashi. Papa Seba akasema mtu wa tano yupo, ni Mama Mapasa. Papa Ilunga akakunja uso.

"Wageni watasema Kalemie wanaume walimalizika," alisema.

"Utarusha weye mara mbili?" Papa Seba akamuuliza. "Ao utaita samaki mu ziwa?"

Walibishana mpaka ndakala zikapoa. Mwishowe Papa Ilunga akamgeukia Mama mwenyewe na kumwambia mbele ya watu: acheze siku hiyo moja. Akicheza vizuri, jina lake litaandikwa kwenye ubao wa timu pamoja na majina ya wengine. Akiwaaibisha mbele ya wageni, atarudi kwenye kikaango na hakuna tena kuzungumza habari hiyo. Mama akasema, "Sawa, Papa." Lakini njiani kurudi nyumbani hakuimba kama kawaida yake, na wiki nzima alikuwa akipiga zile hatua zake mbili uani, mikono mitupu, akidhani hatumwoni. Papa yangu, ambaye hakuwahi kushika bule maishani mwake, alimwona, akatangaza kwamba Jumapili hiyo mapacha ni mzigo wake.

Mimi nilijua dawa. Tatizo ni pisti, wote walikuwa wamesema, na kama kuna kitu nilichojua kufanya duniani ni kuing'arisha sakafu. Wiki ile nilikusanya vipande vya mishumaa. Umeme ulikuwa unakatika kila mara, hakuna nyumba isiyokuwa na vipande, nikaomba kwa majirani na kwa wenzangu wa darasani mpaka kopo likajaa. Jumamosi nikaviyeyusha, nikachanganya na mafuta ya taa, nikabeba kopo, vitambaa na burashi hadi bandani.

Papa Seba alikuwa amekaa mlangoni. "Unaenda wapi na ile kopo?"

"Salongo, Papa."

Nyinyi mnakumbuka neno hilo lilikuwa na nguvu gani. Salongo ilikuwa kazi ya pamoja ya kila wiki, kufagia, kulima kando ya barabara, kusafisha mifereji, na mtu aliyesema anafanya salongo hakuulizwa swali la pili. Papa Seba alifungua mlango, akafurahi kuona mtoto wa siku hizi bado anaheshimu kazi, akaenda kulala usingizi wake wa mchana. Alifikiri nafagia.

Nilifagia kwanza, kweli. Kisha nikapiga magoti na kuanza. Niliijaza mianya, nikaufunika ule mlima kwa tabaka tatu, nikalijaza bonde mpaka likawa sawa na mwenzake. Nilipaka, nikasugua kwa burashi, nikafuta kwa kitambaa, magoti yakawa mekundu kama ya mwenye kutubu. Mishumaa ilinimalizikia nikiwa nimebakiza mbao mbili tu za kuume, zile za ukutani kando ya mfereji, mahali ambapo hata hivyo hakuna mtu aliyerushia. Nikaziacha. Niliposimama mlangoni kuangalia, paa lilionekana lote chini, mabati na tundu lake. Sijapata kujivunia kitu namna ile, hata cheti changu.

Treni ya Kabalo ilichelewa kama ilivyo desturi ya treni, ikafika Jumapili alasiri, na wageni walitoka stesheni moja kwa moja hadi bandani tukiwapigia makofi. Kwa hiyo hakuna mtu aliyejaribu pisti kabla. Kapteni wao, Papa Monga, alikuwa mtu mfupi mwenye mikono ya shati iliyokunjwa na maneno mengi. Alipewa heshima ya kuanza. Akachukua bule, akasimama, akavuta pumzi ya kulalamika, akatazama chini. Alijiona. Mdomo ukabaki wazi. Alitafuta ubaya kushoto, akautafuta kuume, akatugeukia kama mtu aliyepokwa chakula mkononi.

"Hii... iko safi," alisema, na watu wake wakatazamana.

Papa Seba alinusa hewa mara mbili. Kisha akageuza shingo polepole na kuniangalia mimi kwenye benchi. Nikaanza kuhesabu vifungo vya gauni langu.

Papa Monga akarusha. Bule haikubingirika, iliteleza, ikaenda kama iliyotumwa na kuingia mfereji wa kushoto kabla ya kufika nusu. Ya pili vilevile. Ya tatu iligusa kili mbili kwa huruma. Ikaja zamu ya Papa Ilunga. Alipiga hatua zake nne za kishujaa, na ya nne ikakuta siraji. Miguu ilitangulia, akaketi chini kwa kishindo, na bule aliyoiachilia bila kutaka ikaenda ikaangusha kili nne. Banda zima lilicheka, Kabalo na Kalemie pamoja, wanawake wa ndakala wakaja mbio kuona kuna nini.

"Nani alifanya hii pisti hivi?" Papa Ilunga akanguruma kutoka chini.

"Umelalamika nyuma ya kurusha," Papa Seba akamwambia. "Uende kusimamisha kili."

Kapteni wetu akaenda, akijishika makalio, na watu wakacheka upya. Mimi tu sikucheka. Wetu wote waliorusha walitoka kapa au karibu na kapa, wageni wakaokota kili chache chache, na nilianza kuelewa nimefanya nini. Wazee wetu walikuwa wamesoma kile kimlima na lile bonde miaka na miaka, walijua bule itapita wapi kama unavyojua kiti kipi nyumbani kwenu kina mguu mbovu. Nilikuwa nimewafutia yote kwa kitambaa.

Mama alikuwa wa mwisho. Kabalo walikuwa mbele yetu kwa kili ishirini, na Mama alikuwa na bule tatu. Alisimama mahali pake pa siku zote, upande wa kushoto. Hatua mbili fupi, akainama. Bule ikaondoka polepole kutafuta ule mlima. Mlima haukuwapo. Ikaendelea moja kwa moja, taratibu, watu wote wakiisindikiza kwa macho, ikaingia mferejini.

Kila mmoja alifanya hesabu. Hata bule mbili zilizobaki zikiangusha kili zote, hazifiki ishirini. Kabalo wakaanza kupeana mikono. Papa Ilunga akaja kutoka kwenye kili akipangusa suruali.

"Basi, Mama, inatosha," alisema, na kwa kweli hakusema kwa ubaya. "Twende tukule."

Mama alikuwa anaangalia pisti, na sikuwahi kuuona uso wake namna ile, mdogo, kama wa mtu aliyefika nyumbani akakuta kufuli imebadilishwa. Nilijua anafikiria kikaango.

"Iko na bule mbili," akasema Papa Seba. "Wacha azirushe."

Nikapiga moyo konde. Niliondoka kwenye benchi, nikavuka mbele ya wageni, nikamshika kitenge.

"Mama, njo miye."

"Weye nini?"

"Njo miye nilipaka siraji. Ulisema pisti ikikuwa ya muzuri watajua weye ni nani."

Nilingojea kofi. Mama akauliza kwa sauti ya chini, sauti ya kikarani, kama anayeuliza mzigo una kilo ngapi: "Ulipaka yote?"

"Mishumaa ilimalizika. Zile mbao mbili za ku ukuta, sikuzipaka."

Akainama, akapitisha kiganja juu ya mbao, kutoka katikati mpaka ukutani. Kiganja kiliteleza, kiliteleza, kikakwama. Akavua viatu. Akahamia kuume kabisa, mguu mmoja ukiwa karibu ndani ya mfereji, mahali ambapo sijapata kuona mtu akisimama, na watu waliokuwa wameanza kuelekea kwenye chakula wakasimama. Hapo akawageukia na kuegemeza bule nyonga.

"Hii pisti ni mubaya," alisema. "Iko safi kupita. Muntu atarusha namna gani juu ya kioo?"

Kicheko kilichotoka kwa watu wa Kabalo kilikuwa cha watu waliofunguliwa kamba. Mama akarusha. Bule ilikwenda kwenye mbao zile kavu, kandokando ya mfereji, ikilia kwa ile sauti ya zamani, na karibu na mwisho, mahali mbao zilipokuwa zimelegea na kuinama kidogo kwa ndani, ikakata kushoto. Nane. Papa Ilunga alikwenda mwenyewe kusimamisha kili, safari hii bila kutumwa. Mama akapangusa kiganja kwenye kitenge, akarusha ya tatu palepale, kwenye alama ya ile ya pili. Tisa.

Tulishindwa kwa kili tatu, na kwa kelele zilizopigwa ungedhani tumeshinda sisi. Papa Monga alimshika Mama mikono yote miwili.

"Kiangazi mutakuja Kabalo," alimwambia Papa Ilunga bila kumwachia Mama. "Na huyu mama njo atarusha wa kwanza. Kama hamumuleti, musipande treni."

Papa Ilunga alijikuna shingo. Akatazama ubao, akachukua chaki, akaandika jina la Mama chini ya lake, kwa herufi ndogo, lakini akaliandika. Mimi nililia na kula ndakala kwa wakati mmoja, jambo ambalo siwashauri.

Adhabu nilipata. Wiki nzima baada ya shule nilisugua pisti kwa mchanga na majivu kuitoa siraji, Papa Seba amekaa karibu. Siku ya pili wachezaji walianza kupita, mmoja mmoja, wakitoka kazini, wakisema wamekuja kuangalia tu. "Hapa usisugue sana," mmoja aliniambia. Mwingine alitaka mwanya wake urudi ulivyokuwa. Papa Ilunga aliinama na tumbo lake lote akanionyesha kwa kidole pale kimlima kinapoanzia, akinisihi nisikipunguze hata kidogo, na alipopapasa akakikuta kipo alinipa karanga zote zilizokuwa mfukoni mwake.

Jumapili iliyofuata nilikwenda mapema, nikakaa nyuma ya benchi kuchambua njugu za Mama. Papa Ilunga na wenzake wakaingia, wakasimama mbele ya pisti, hawakuniona. Nikawasikia wakianza.

"Pisti tu tulikuwa tunaiweza," alisema mmoja wao. "Sasa tuko na Mama Mapasa juu yake."

"Anarusha pole pole," Papa Ilunga akasema. "Muntu anaweza kuposa bibi, kuoa, kuzaa, bule yake haiyafika. Halafu anasimama mahali hata panya hawasimame. Hii timu nitaipeleka namna gani Kabalo na muntu sawa yule?"

Wengine wakaongeza ya kwao, juu ya kitenge chake, juu ya viatu vyake alivyoviacha njiani, wakitikisa vichwa. Niliinuka na hasira inanichemka, nikatoka mbio. Mama alikuwa nyuma ya banda anafunga kitenge chake cha mchezo. Nikammwagia yote kwa pumzi moja, nani amesema nini, nikiwa tayari kulia kwa niaba yake.

Alinisikiliza akiwa ameshika ncha za kitenge. Uso wake ulianza kufunguka kutoka kwenye macho, ukashuka, na kicheko kikamshika mpaka akaegemea ukuta wa banda na kukaa chini kwenye majani, mama mzima, karani wa stesheni. Nilisimama nikimtazama, na hapo ndipo nilipoelewa, kwa mara ya kwanza, watu wale walikuwa wanafanya nini pale ndani kila Jumapili.

Mama akajifuta macho. Akanivuta nikakaa karibu yake.

"Rudia ile ya Papa Ilunga," alisema. "Pole pole. Usiruke hata neno moja."